Lenzi moja ya kazi zote: kabla ya kutoa dola zako, jua inachoweza na isichoweza

Jumamosi moja ya kiangazi inaweza kuleta ndoa mbili, tatu mu mtaa mmoja. Kuko pia sherehe za diplome, komunyo za watoto, ubatizo, na matanga, yenye hayangoji msimu. Kila fasi utaona kijana mwenye kamera shingoni, mara Canon, mara Nikon, na juu yake lenzi ndogo ya 18-55 yenye ilikuja mu karton pamoja na kamera. Ni lenzi nzuri ya kuanza nayo. Lakini siku bibi-arusi anasimama mbele ya altare na padri anakataza watu kusogea, 18-55 inakuletea migongo ya mashemeji tu.

Hapo njo mawazo yanaanza. Kuko lenzi moja yenye inavuta karibu na inavuta mbali, iko na stabilizeri, na bei yake si ya kutisha. Kwa nini nisichukue hiyo moja, nimalize mambo?

Tujibu polepole, ju hizi si makuta ya kuchezea. Kwa kijana wa Kikula ao wa Panda mwenye anakula kwa kazi ya picha, dola 200 ao 250 ni mtaji wa muda mrefu. Akikosea, hana zingine za kurudi nazo dukani. Na mteja wake naye hana ndoa ya pili ya kupigwa picha upya.

Jibu fupi ni hili. Lenzi ya namna hii ni nzuri nje, mchana, safarini, na fasi zenye vumbi. Ndani ya ukumbi, usiku, ikiwa peke yake, itakuangusha. Stabilizeri yake haitakuokoa huko, kwa sababu stabilizeri inashika mkono wako, haishiki watu wenye wanacheza. Sasa tueleze kwa nini, kisha tuone namna ya kununua bila kudanganywa.

Namba za juu ya lenzi zinasema nini

Lenzi, yenye wengi wetu tunaita obyektifu, iko na namba zimeandikwa mbele ao pembeni. Tuchukue mfano mmoja wenye bei ndogo: Tamron 18-200mm F/3.5-6.3 Di II VC. Ilitolewa na kampuni ya Tamron ya Japani mwaka 2015, na jina lake la kiwandani ni B018. Ina uzito wa gramu 400, kidogo kuliko nusu kilo ya sukari. Filta yake ni ya milimita 62. Ilipotoka, bei yake Marekani ilikuwa dola 249. Kuko ndugu zake wa kampuni zingine: Canon EF-S 18-200 IS, Nikon 18-200 VR, Sigma 18-200 OS. Tunachosema juu ya hii moja kinafaa kwa hizo zote, hata kama kila moja iko na tabia zake.

Namba 18 na 200 ni urefu wa kuvuta. 200 ukigawa kwa 18 unapata 11 na kidogo. Hiyo njo maana muuzaji atakuambia kwamba lenzi «inavuta mara kumi na moja». Tuiweke mu macho. Simama metre 10 mbele ya watu wamepangwa mstari. Kwa 18, picha yako inachukua upana wa metre 12 mpaka 13, familia mbili zinaingia zote pamoja na wajomba. Kwa 200, bila kusogeza mguu, picha inachukua upana wa metre 1 na kidogo tu: uso wa bibi-arusi, mabega yake, na maua.

Hiyo ni nguvu ya kweli. Kwa mtu mwenye anapiga picha za mchezo wa mpira, za mkutano wa watu wengi, za msafara, ni raha kubwa. Mtoto anakimbia kuja kwako, unaanza naye mbali, unamaliza naye mlangoni, lenzi ni ile ile.

Sasa namba ya pili: F/3.5-6.3. Hii njo namba yenye wanunuzi wengi wanaruka, na njo yenye inabeba siri yote. F inaonyesha tundu la lenzi, mlango wa kuingilia mwanga. Namba ikiwa ndogo, mlango ni mpana. Namba ikiwa kubwa, mlango ni mwembamba. Kwa hiyo 3.5-6.3 maana yake ni kwamba ukiwa kwa 18 mlango ni wa kadiri, na kadiri unavuta kwenda 200 mlango unazidi kujifunga mpaka 6.3, utake usitake.

Hesabu yake si ngumu. Lenzi ya f/2.8, ile nzito yenye wapiga picha wakubwa wanabeba, inapitisha mwanga mara 5 kuliko f/6.3. Na lenzi ndogo ya 50mm f/1.8, yenye inaingia mu mfuko wa koti, inapitisha mwanga mara 12 kuliko f/6.3. Mara kumi na mbili! Nje kwenye jua la saa nne la Likasi, tofauti hiyo huioni, mwanga uko mwingi. Ndani ya ukumbi wenye taa nne, ni tofauti ya picha na ukungu.

Stabilizeri inafanya kazi gani

Kila mkono unatetemeka, hata wa mwashi mwenye misuli. Ukivuta mbali, kutetemeka kunavutwa pia. Wazee wa kamera za filimu walikuwa na kanuni: muda wa picha usizidi sekunde moja ukigawa kwa urefu wa lenzi. Kwa kamera nyingi zenye tunazo, zile za kapteri ndogo, tunazidisha kwanza urefu kwa 1.5 ao 1.6. Kwa hiyo ukiwa kwa 200, hesabu inakupa karibu 300 ao 320: piga kwa sekunde 1/320 ao haraka zaidi, la sivyo picha itakuwa na ukungu wa mkono.

Stabilizeri ilikuja kusaidia hapo. Ndani ya lenzi kuko vihisio vidogo vyenye vinasikia mkono unaenda upande gani. Kuko pia kundi la vioo lenye linasukumwa kwa sumaku kwenda upande wa kinyume, mara nyingi kwa sekunde. Mkono ukienda kulia, kioo kinavuta kushoto, picha inabaki fasi yake. Canon ilitangulia kuiweka mu lenzi ya kubadilisha mwaka 1995, kwa 75-300 yake. Nikon ilitoa 18-200 VR mwaka 2005. Tamron iliingiza yake, VC, mwaka 2007. Herufi ni tofauti, kazi ni moja: Canon inaandika IS, Nikon VR, Sigma OS, Tamron VC.

Nguvu yake inapimwa kwa hatua, na kila hatua inakuruhusu kuongeza muda mara mbili. Tuseme stabilizeri yako inakupa hatua tatu. Kutoka 1/320 unashuka 1/160, kisha 1/80, kisha 1/40. Yaani kwa 200 unaweza kupiga mnara wa kanisa ao jengo la zamani la mjini jua likizama, kwa 1/40, bila miguu mitatu, na mistari ikatoka wima na safi.

Lakini soma tena: mnara, jengo. Vitu hivyo havitembei. Kwa 1/40, mtu mwenye anapiga makofi mikono yake inapotea. Mama mwenye anacheza akitingisha kitambaa anatoka kama moshi. Bwana-arusi akigeuza kichwa, uso unakuwa na pua mbili. Stabilizeri haijui kitu juu yao. Inajua mkono wako tu. Ili kusimamisha mtu mwenye anacheza, unahitaji 1/250 ao zaidi, na kwa hiyo unahitaji mwanga, na mwanga unapitia kwa lile tundu.

Njo maana neno la muuzaji mara nyingi ni nusu ya ukweli. Anasema: «Yaya, hii iko na stabilizateri, ata mukono itetemeke, foto inatoka muzuri.» Ni kweli kwa mkono. Umuulize: «Na benye kucheza je, patron?»

Ukumbi wa jioni: tufanye hesabu pamoja

Tuchukue ukumbi wenye taa za kutosha, si wa disko. Tuseme kamera inakubali picha kwa f/2.8, sekunde 1/60, ISO 800. ISO ni namna kamera inaongeza nguvu ya mwanga wenye umeingia. Ukiipandisha sana, picha inajaa chembechembe kama mchanga.

Sasa weka lenzi ya kazi zote, vuta mpaka 200, tundu ni f/6.3. Kwa muda ule ule wa 1/60, ISO inabidi ipande mpaka 4000. Na 1/60 haitoshi kwa wacheza. Ukitaka 1/250, unafika ISO zaidi ya 16000. Kamera nyingi za bei ndogo zenye ziko mikononi mwa vijana wetu, kama Canon 1200D ao Nikon D3200, ISO yao ya kawaida inaishia 6400, na 12800 ni ya kulazimisha. Hapo hesabu imekwama. Unabaki na mawili: picha yenye ukungu, ao picha yenye giza.

Chukua sasa ile 50mm f/1.8 mu ukumbi ule ule. Kwa ISO 1600 tu, unapata 1/250 na kinabaki kidogo. Canon ilipotoa 50mm f/1.8 STM mwaka 2015, bei yake ilikuwa chini ya dola 130. Haivuti mbali, ni wewe utatembea kwa miguu. Haina stabilizeri pia. Lakini picha ya bibi-arusi akicheza itatoka na macho yake yataonekana.

Na flashi je? Flashi inasaidia sana, na mwenye lenzi ya kazi zote lazima aifikirie. Ila ile flashi ndogo ya juu ya kamera iko na kasoro mbili. Ya kwanza, lenzi hizi ni nene, na ukipiga kwa 18 karibu, mdomo wa lenzi unaweka kivuli cha nusu duara chini ya picha. Toa kofia ya lenzi, ao vuta kidogo mpaka 28 ao 35. Ya pili, nguvu yake ni ya metre chache. Ukivuta 200 kutoka nyuma ya kanisa, mwanga unafika kwa mabenchi ya katikati na kuishia hapo. Flashi ya kuweka juu, yenye kichwa cha kugeuza, ni kitu kingine. Mu nyumba yenye plafo nyeupe na ya chini, ielekeze juu, mwanga unarudi laini. Mu kanisa lenye paa refu, mwanga unapotelea huko juu.

Vumbi: fasi lenzi hii inashinda

Tuongee sasa mazuri, kwani ni mengi, na mji wetu unayaonyesha vizuri. Kiangazi cha Likasi ni vumbi. Magari mazito yanapita, upepo unabeba udongo mwekundu, na mwenye anakaa upande wa Shituru anajua meza inafutwa asubuhi na mchana.

Kila mara unabadilisha lenzi, tumbo la kamera linabaki wazi. Vumbi linaingia na kukaa juu ya kapteri, kile kibao chenye kinapokea picha. Kuanzia hapo kila picha ya mbingu inakuwa na madoa meusi, fasi ile ile. Kusafisha kapteri ni kazi ya mkono mwangalifu, na mwenye anasugua kwa kitambaa cha shati anaiharibu kabisa. Mtu mwenye lenzi moja ya 18-200 anaifunga asubuhi na kuitoa jioni nyumbani. Kwa kazi ya barabarani, ya mashamba, ya mpira, ya safari ya kilometre karibu 120 kwenda Lubumbashi, hiyo peke yake inaweza kulipa bei.

Ila kuko jambo moja. Lenzi hizi zinarefuka wakati unavuta. Ukivuta na kurudisha, inapumua kama mvukuto wa mfua chuma: inatoa hewa, inaingiza hewa, na hewa ya kwetu iko na vumbi. Kwa hiyo usivute-vute kwa mchezo. Futa shingo ya lenzi kwa brashi laini kabla ya kuirudisha. Msimu wa mvua nao unaleta unyevu, na unyevu unaleta kuvu juu ya vioo. Weka kamera mu kisanduku chenye kinafunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya silika vyenye vinakuja mu viatu vipya. Usiifungie mwezi mzima mu mfuko wa ngozi wenye umeloa.

Kitu kingine kizuri: uzito. Gramu 400 hazikatishi shingo. Mtu anaweza kusimama saa tano kwenye matanga bila kuchoka. Na stabilizeri, hata kama haisimamishi wacheza, inasaidia mzee mwenye amekaa, mtoto amelala, majeneza, maua, mezani. Inasaidia video pia, kama umesimama fasi moja. Ukitembea, haitoshi. Mikrofoni ya kamera inaweza pia kusikia mlio wake mdogo, kwa hiyo sauti ya padri ichukue kwa kifaa kingine.

Na kumbuka betri. Stabilizeri inakula umeme kila mara kidole kiko nusu juu ya kitufe. Mahali umeme unakatika usiku na kurudi asubuhi, betri ya pili ni ya lazima. Kamera ikiwa juu ya miguu mitatu, zima stabilizeri kabisa.

Ubora wa picha wenyewe

Lenzi yenye inafanya kila kitu haifanyi hata kimoja kwa ukamilifu. Kwa 18, mistari ya ukuta inajikunja kidogo kama pipa. Ukiwapanga watu, usiweke mtu mnene ao mrefu mwishoni mwa mstari, atavutwa. Kwa 200 na tundu wazi, picha inakuwa laini, haina makali ya wembe. Matawi ya miti mbele ya mbingu nyeupe yanaweza kupata ukingo wa rangi ya zambarau.

Dawa ni moja: funga tundu mpaka f/8 kama mwanga unaruhusu. Jua likiwa kali, f/8 inakupa picha safi yenye mteja hataona tofauti akiichapa kwa ukubwa wa kawaida wa albamu. Akitaka bango la ukutani, hapo tofauti itaonekana.

Tusisahau pia kwamba kazi kubwa haitoki mu lenzi peke yake. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1978, alifanya mwaka 2005 mfululizo wa picha wenye unaitwa «Vues de Likasi», juu ya mji wetu huu. Mwaka 2007 alipata tuzo mu maonyesho ya picha ya Bamako, na mwaka 2008 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Picha kule Lubumbashi, yenye inaandaa biennale ya sanaa. Nyumba zile za wakati wa Jadotville bado zimesimama. Hazitembei, hazichezi, na jua la asubuhi halilipwi. Mwenye lenzi ya 18-200 iko na kila kitu cha kuanza kuzipiga, akiwa na jicho na uvumilivu. Jambo moja tu: kwa viwanda, machimbo, reli na kambi za askari, omba ruhusa kwanza. Kamera imekwisha kuletea watu matatizo ya bure.

Mitego ya sokoni

Vifaa vingi vinafika kwetu vikipitia Lubumbashi, vingine vimetumiwa tayari. Kununua cha mtumba si kosa, mradi ujue unanunua nini. Mitego ya kuangalia ni hii.

Wa kwanza ni jina. Kuko Tamron 18-200 ya zamani, yenye inaitwa A14, haina stabilizeri kabisa. Namba zake za urefu na za tundu ni zile zile. Kuko pia Sigma 18-200 ya kwanza bila OS. Mtu anaweza kukuuzia hiyo kwa bei ya nyingine, pengine hata yeye hajui. Tafuta herufi VC ao OS juu ya lenzi yenyewe, wala si juu ya karton. Tafuta pia kitufe chake cha kuwasha na kuzima pembeni.

Wa pili ni Sony. Hata ile Tamron B018, kwa kamera za Sony ilitoka bila VC, ju kamera hizo za Sony ziko na stabilizeri ndani ya mwili wake.

Wa tatu ni Nikon ndogo. Kamera za aina ya D3000 na D5000, na ndugu zao waliofuata kama D3200 ao D5300, hazina mota ya kulenga ndani. Lenzi ya zamani yenye haina mota yake italazimisha ulenge kwa mkono. Mu ndoa, hiyo ni mateso.

Wa nne ni mlango wa kamera. Lenzi ya Canon haiingii kwa Nikon. Na kamera mpya za Canon zenye herufi R zinahitaji adapta ili kupokea lenzi za EF. Kamera ya kapteri kubwa nayo haifai hapa: lenzi hizi zimetengenezwa kwa kapteri ndogo, pembe za picha zitakuwa nyeusi.

Majaribio ya dakika kumi na tano dukani

Nenda na kamera yako mwenyewe, betri imejaa, na karte ya kumbukumbu. Muuzaji mwenye anakataa ujaribu, muage kwa heshima na uende.

Kwanza, chukua taa ya simu, imulike kupitia vioo, uangalie kutoka upande wa pili. Chembe mbili tatu za vumbi si kitu. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu inazidi kuenea. Iache. Tazama pia skrubu za nyuma. Zikiwa na mikwaruzo, kuko mtu aliifungua.

Pili, zungusha pete ya kuvuta kutoka 18 mpaka 200. Inapaswa kwenda bila mchanga kulia ndani. Inamisha kamera chini: lenzi nyingi za namna hii zinateleza zenyewe. Kuko kifungio cha kuizuia kwa 18, hakikisha kinashika.

Tatu, weka juu ya kamera. Namba ya f inapaswa kuonekana. Kama Canon inaandika Err 01, kamera na lenzi hazisikilizani. Piga picha kwa f/16 na uangalie kama haikutoka na mwanga wa kupita kiasi, kwani hiyo ni dalili majani ya tundu hayafungi.

Nne, jaribu stabilizeri yenyewe. Vuta 200, weka 1/40, lenga kitu chenye kimesimama kama kibao cha duka cha ng'ambo ya barabara. Bonyeza nusu, ngoja sekunde moja mpaka picha itulie machoni. Piga picha kumi ikiwa imewashwa, kisha kumi ikiwa imezimwa. Kuza picha ndani ya kamera na uhesabu zenye herufi zinasomeka. Kama hakuna tofauti kati ya makundi mawili, stabilizeri imekufa, na bei lazima ianguke sana ao uende zako.

Tano, piga ukuta wa matofali ukisimama wima mbele yake, kwa 18, kisha 50, kisha 200. Upande mmoja ukiwa safi na upande mwingine una ukungu, vioo vimehama, pengine ilianguka.

Mwisho, omba risiti na uandike namba ya seri. Risiti inakulinda siku mtu akisema kifaa ni chake.

Basi, uchukue ao uache?

Inategemea unapata wapi chakula chako. Kama kazi yako ni shule, mpira, safari, mashamba, mikutano ya mchana na picha za habari, lenzi moja ya 18-200 yenye stabilizeri ni ununuzi wa akili. Utaifunga na kuisahau, na vumbi halitaingia mu kamera.

Kama unaishi kwa ndoa za jioni, usianzie hapo. Baki na 18-55 yako kwa familia kubwa, ongeza 50mm f/1.8 kwa ukumbi na flashi yenye kichwa cha kugeuza. Kazi zikileta faida, ongeza lenzi ya kuvuta mbali baadaye. Kwa makuta yaleyale ya 18-200 utakuwa umefunika saa zenye mteja anakulipia kweli, yaani kuingia ukumbini, keki, na ngoma ya kwanza.

Na kama mwenzako iko na moja na wewe uko na nyingine, jambo rahisi kuliko yote ni kushirikiana. Mmoja anasimama nyuma ya kanisa na 18-200 mchana, mwingine anaingia mbele na 50 usiku. Mteja anapata albamu nzima, na hakuna mwenye amekopa dola kwa lenzi yenye hatatumia.